Tulipokuwa Tukisubiri Bahari Ikauke

Mwezi uliopita mjukuu wangu Neema, ambaye anasoma hapa Babati na kukaa kwangu, aliamua kusafisha stoo bila mimi kumtuma. Alitoa debe bovu, akatoa jembe lisilo na mpini, akatoa magunia yaliyoliwa na panya, kisha akaja nilipokaa barazani ameshika kibuyu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitu asichokijua.

"Bibi, hiki nacho tukitupe? Kina ufa. Hakishiki hata maji."

"Hakikuwa cha maji."

"Cha maziwa?"

"Kinuse."

Aliingiza pua mdomoni mwa kibuyu, akakunja uso, akacheka. "Kinanuka moshi, Bibi. Na kitu kingine kama jasho la mtu."

"Basi kiache hapa."

Aliporudi stoo nilikinusa na mimi. Macho yangu yamepungua, na magoti hayakubali tena kupigwa kanisani, lakini pua Mungu ameniachia, namshukuru. Nilivuta pumzi mara moja tu, na bajaji zilizokuwa zikipita barabarani zikanyamaza. Nikawa tena mtoto wa miaka saba nyumbani kwa bibi yangu, kijijini Bonga, nimekaa juu ya ngozi ya ng'ombe, nikitazama shati jeupe lililotundikwa ukutani.

Shati lile lilikuwa la Baba Mdogo Fabiano. Sikuwahi kumwona. Nilizaliwa yeye akiwa ameshaondoka, na ameshapotea. Lakini ukiniuliza nani walioishi katika nyumba ile, nitakuambia tulikuwa wanne. Alikuwapo Bibi, mama mzazi wa baba yangu. Alikuwapo Shangazi Polonia, binti yake wa mwisho. Nilikuwapo mimi, kwa sababu baba na mama walikuwa kambini, baba akifanya kazi ya barabara. Na alikuwapo Baba Mdogo Fabiano, ambaye alikuwa na kigoda chake kisichokaliwa na mtu, sahani yake ya bati yenye ukingo wa bluu, na shati. Kila Jumamosi Bibi alilishusha shati, akalikung'uta vumbi, akalitia jua, akalitundika tena. Mimi nilidhani watu wazima wote huwa hivyo, kwamba kila nyumba ina mtu mmoja anayeonekana na macho ya bibi tu.

Habari zake nilizijua kama nilivyojua sala. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa alipochukuliwa na watu waliokuwa wakiandikisha manamba kwenda kukata mkonge Tanga. Mkonge ulimchoma mikono, akauacha, akapata kazi ndani ya meli ya mizigo. Kazi yake ilikuwa kutia makaa ya mawe kwenye tanuri lililo chini kabisa ya meli. Wakati huo ile vita kubwa ya pili ilikuwa inapiganwa, na meli zilikuwa zinahitaji vijana wenye nguvu. Alituma barua moja tu, ameandikiwa na mwenzake. Barua ile ilikuwa imekaa kwenye mkebe wa majani ya chai, na Shangazi, aliyesoma shule ya misioni, alikuwa akitusomea. Ilisema kazi ni ya moto, chakula si haba, na kwamba maji ya huku, mama, ni ya chumvi, ukiyanywa unatapika.

Baada ya hapo ilikuja karatasi kutoka bomani. Meli ilikuwa imepigwa na maadui ikazama. Mabaharia kadhaa waliokolewa. Fabiano hakupatikana.

Majirani waliposikia walianza kuja na sura za msiba. Bibi aliwarudisha mlangoni. "Wameandika hakupatikana," aliwaambia. "Hawakuandika amekufa. Ng'ombe wangu wa kijivu naye hakupatikana miezi miwili. Alirudi na ndama."

Hapo ndipo lazima nieleze jambo ambalo Neema, aliyeiona bahari kwenye simu yake, hawezi kulielewa mpaka aelezwe. Bibi alikuwa anajua maji ya aina mbili. Ya kwanza yalikuwa ya ziwa letu la Babati, matamu, yenye kambale na viboko, ambayo hupanda na kushuka lakini hayaishi. Ya pili yalikuwa ya Balangida, lile ziwa la chumvi lililo chini ya mlima Hanang. Hayo ya Balangida kila mtu wa kwetu aliyajua. Masika yanajaa, yanang'aa mpaka mbali. Kiangazi yanapungua, yanapungua, mpaka siku moja hakuna maji tena, kuna uwanda mweupe wa chumvi, na watu wanatembea juu yake na punda wao kwenda kuchota. Maji ya chumvi ndiyo tabia yake. Yanakauka.

Basi Fabiano alikuwa amesema kwa kinywa chake kwamba maji ya bahari ni ya chumvi. Bibi hakuhitaji maelezo zaidi. Bahari ni Balangida kubwa. Mwanawe yuko ng'ambo, au yuko kisiwani, au amekaa ndani ya hiyo meli yake iliyolala chini, na siku kiangazi kitakapokuwa kikali vya kutosha, bahari itakauka, naye atatoka kwa miguu yake na kurudi nyumbani. Hakuwa mwendawazimu. Alikuwa mama aliyefikiri vizuri kwa mambo aliyoyajua.

Kwa hiyo Bibi hakupenda mvua. Hili lilikuwa la ajabu Bonga, kwa watu wa mahindi na maharage. Mvua za kwanza ziliponyesha wanawake walitoka nje wakipiga vigelegele, watoto tulivua nguo tukarukaruka uwanjani, na Bibi aliingia ndani. Alijifunika kanga kichwani akakaa karibu na jiko, kimya, mpaka ikatike. Nilidhani anaogopa radi. Siku moja nilimfuata, nikamkalia mapajani, nikamwambia asiogope.

"Siogopi," alisema. "Nasikia tu inavyojaa huko aliko."

Tangu siku hiyo nikawa upande wake. Jioni, tuliposali rozari, Bibi aliongeza Salamu Maria moja mwishoni kwa nia yake, na hakuitaja nia hiyo kwa sauti. Mimi niliijua. Nilifumba macho nikaisali kwa nguvu zote: Mama Maria, izuie mvua, bahari ikauke, Baba Mdogo Fabiano atoke.

Na mvua ikazuiwa.

Sitasahau mwaka ule. Mahindi yalifika magotini yakajikunja. Majani ya maharage yaligeuka rangi ya karatasi ya zamani. Hewa ilikuwa na vumbi laini lililoingia hata kwenye ndoto. Naikumbuka miezi ile yote kama kitu nilichokiona nikiwa nusu nimelala, kila kitu cheupe, ng'ombe wanatembea polepole bila sauti, mlima unaelea bila miguu. Padre wa misioni alitutoa kwa maandamano ya kuomba mvua. Katekista alitangulia akitaja majina ya watakatifu, na watu wote waliitikia, "Utuombee." Nilitembea nimeshika upindo wa kanga ya Bibi. Nilimtazama kutoka chini. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Na mimi nikafunga yangu.

Katika mwaka huo huo alikuja Gabrieli. Alikuwa fundi seremala kutoka upande wa Dareda, mwembamba, mwenye unga wa mbao kwenye nyusi, na alikuwa amempenda Shangazi Polonia tangu walipokutana kwenye Pasaka misioni. Mimi nilimpenda kwa sababu aliniita mama mkwe.

"Shikamoo, mama mkwe," alikuwa akisema na kuinama mpaka chini.

"Marahaba. Umeniletea nini?"

"Nimekuletea umaskini wangu wote." Kisha alitoa mfukoni kipande cha mbao alichokichonga kikawa ndege.

Wazee wa upande wake walikuja mara mbili. Mara ya kwanza walikunywa togwa, wakazungumza ukame, wakaondoka. Mara ya pili yule aliyekuwa mkubwa wao alisema lililowaleta, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikichambua mawe kwenye mtama.

"Mama Fabiano," alisema, "binti tunampenda. Lakini nyumba hii ina jambo."

Kwetu nyumba iliyofiwa hujitenga. Haitoi moto kwa jirani, haiazimi jembe, ng'ombe wake hunywa maji peke yao, mpaka siku zake zihesabike na ziishe. Kisha watu wanafagia, wananyoa nywele, wanarudi kwa wenzao kama zamani. Nyumba ya Bibi haikuwa imejitenga, kwa sababu yeye alisema hakuna aliyekufa. Lakini majirani hawakuwa na hakika. Walikuwa wakituazima moto kwa kusitasita. Waliwapitisha ng'ombe wao mbali kidogo na wetu. Miaka zaidi ya kumi tulikuwa tumeishi hivyo, si wafiwa wala si wazima, na mimi sikujua kwamba watu wengine wanaishi vingine.

"Hatuwezi kumtoa bibi harusi katika msiba usiolaliwa," aliendelea yule mzee. "Sema neno moja tu. Kama amekufa, mlilieni, tutasubiri siku zenu ziishe, tutakuja na ngoma. Kama yu hai, aje ale sehemu yake ya mahari ya dada yake."

"Atakuja," alisema Bibi.

"Lini, mama?"

Wazee walichukua fimbo zao.

Walipoondoka nilimsikia Shangazi Polonia akilia kwa mara ya kwanza. Hakulia kama watoto. Alikuwa anatwanga, na kila alipoinua mchi alisema neno.

"Mimi nizeekee hapa. Nisubiri kaka. Gabrieli ataoa mwingine. Sawa. Nisubiri kaka."

"Polonia," Bibi alimwita.

"Nilikuwa na miaka minane alipoondoka, mama! Sura yake siikumbuki! Nakumbuka shati!"

Bibi aliinuka akaenda kusimama mbele ya lile shati. Alikaa hapo muda mrefu amegeukia ukuta. Aliporudi alisema, "Mwaka huu ni mkavu kuliko yote niliyoiona. Nipe mwezi mmoja. Nikienda nisikute kitu, nitasema neno wanalolitaka."

"Uende wapi?"

"Balangida. Nikaone."

Shangazi aliacha mchi ndani ya kinu. Nadhani alijua, kwa elimu yake ya misioni, kwamba Balangida siyo bahari, na kwamba hata kama lingekauka mpaka katikati ya dunia halingemtoa kaka yake. Lakini alimtazama mama yake, akafuta uso kwa mkono wenye unga, akasema, "Nenda, mama. Mchukue na mtoto, akusaidie kubeba." Namshukuru Mungu kwa jibu lile mpaka leo. Ingekuwa rahisi kumcheka.

Tulipanda lori la mizigo lililokuwa likienda Hanang, mimi na Bibi na mama mmoja jirani aliyekuwa anafuata chumvi ya mifugo. Bibi alikuwa na kibuyu hiki, wakati huo hakina ufa, na ndani ya kitambaa alikuwa amelikunja shati. Mimi nilibeba viazi vitamu viwili vya kuchemsha. Vilikuwa vya Baba Mdogo. Nilifikiri mtu aliyekaa miaka yote hiyo kwenye maji ya kutapisha atakuwa na njaa. Njiani Bibi alinipa uji tu, na nilikuwa na njaa kweli, lakini vile viazi sikuvigusa.

Tulilala kwa watu chini ya mlima. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, tulishuka kwa miguu, na ghafla hapakuwa na miti tena, hapakuwa na kitu. Ziwa lilikuwa limekauka. Sijaona tena weupe kama ule, hata kwenye vitambaa vya altare. Ulianzia miguuni petu ukaenda mpaka ukakutana na mbingu, na pale ulipokutana ulikuwa ukitetemeka, na ndani ya mtetemeko ule niliona watu. Walikuwa warefu, wembamba, hawana miguu, wakielea wakija kwetu.

"Bibi! Yule pale! Wanatoka!"

Bibi alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma. Alianza kutembea. Chumvi ilipasuka chini ya nyayo zetu kama maganda ya mayai, na harufu yake ilipanda, hiyo hiyo iliyoko kwenye kibuyu, ya jasho na ya kitu cha kale. Jirani yetu alibaki pembeni na wachota chumvi wengine, akaita, "Mama Fabiano, chumvi nzuri ipo huku!" Bibi hakugeuka. Alikuwa ameshalikunjua shati. Alilibeba mbele yake kwa mikono miwili, kama mtu anayempelekea mwenziwe nguo baada ya kuoga.

Wale watu wanaoelea, kadiri tulivyowasogelea, walipata miguu. Kisha walipata punda. Walikuwa watatu, wachota chumvi, wanarudi na mizigo. Wawili walitusalimu wakapita. Wa tatu alisimama. Alikuwa Mbarbaigi wa makamo, mrefu, amevaa shuka, na juu ya shuka koti la kijeshi lililofifia lisilo na vifungo.

"Shikamoo, mama. Unakwenda wapi na shati? Huko mbele hakuna mtu wa kumvisha."

"Marahaba, baba. Namtafuta mwanangu."

"Alikuja kuchota leo?"

"Alikuwa kwenye meli. Vitani."

Yule mtu hakucheka. Alimfunga punda kamba mguuni ili asitembee, akachuchumaa juu ya chumvi, akamwonyesha Bibi naye akae. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, kifupi kifupi, cha amri.

"Mimi nilipanda meli," alisema. "Vita hiyo hiyo. Walitupeleka mbali, Burma, tupigane msituni."

Bibi alimsogelea. "Ulivuka bahari?"

"Kwenda na kurudi."

"Ulivuka kiangazi au masika?"

Naona uso wake mpaka sasa, jinsi alivyolielewa hilo swali polepole, kama mtu anayeona maji yakipanda. Aliangalia ule weupe kila upande. Akaangalia shati.

"Mama," alisema, "kule hakuna kiangazi."

"Kila mahali pana kiangazi."

"Kule hakuna. Nilikaa ndani ya ile meli siku nyingi, nikilala, nikiamka, maji. Sikuona mti. Sikuona ndege. Jua linawaka hapo juu kama hili, linachoma watu mpaka wanazimia, na maji hayapungui hata kidole. Nilikuwa mchungaji, mimi najua maji yanavyopungua. Nilikuwa nachungulia kila siku. Hayapungui."

"Hata ukame uwe mkubwa?"

"Hata mvua isinyeshe mpaka mjukuu huyu azeeke. Bahari haikauki, mama."

Upepo mdogo ulipita ukaliinua shati mapajani mwake, na yeye akalilaza tena kwa kiganja. Mimi nilitoa vile viazi nikaviweka juu ya chumvi, kwa sababu sikujua la kufanya navyo.

Baadaye Bibi aliuliza, kwa sauti ya chini, "Na aliyemo ndani yake?"

Yule mtu alikuna kichwa. "Mwenzetu mmoja alikufa kwa homa humo njiani. Tulimfunga kwenye turubai. Padre wa jeshi akasimama, na sisi tukavua kofia, akasoma, akamnyunyizia maji, tukamtelemsha. Hakuna aliyechimba. Lakini alizikwa. Mimi nilikuwapo. Si Mkristo, lakini niliona amezikwa."

"Bila kaburi."

"Padre alisema lote lile ni kaburi, na Mungu analijua."

Bibi alikaa. Alikaa mpaka kivuli cha punda kikasogea. Kisha akachukua kibuyu, akavunja chumvi kwa kisigino, akakijaza yeye mwenyewe kwa mikono yake, hakutaka nimsaidie. Yule mtu alivichukua viazi vyangu, akaniuliza, "Hivi ni vya nani?"

"Vya Baba Mdogo."

"Nile kwa niaba yake?"

Nilimtazama Bibi. Bibi aliitikia kwa kichwa. Yule askari akavila vyote viwili na maganda yake, taratibu, kwa heshima, akiwa amechuchumaa mbele yetu.

Tuliporudi Bonga, Bibi hakupitia nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa katekista.

"Nataka Misa ya wafu," alisema.

Siku zile kama maiti haikuwapo, kanisa letu liliweka mbele ya altare fremu ya mbao yenye umbo la jeneza, likaifunika kwa kitambaa cheusi kinachofika chini, mishumaa ikawashwa pembeni. Katekista alimwelezea Bibi haya yote vizuri. Bibi aliuliza kama anaweza kuweka kitu ndani. Katekista alifikiri, akasema haijakatazwa. Lakini haya mimi sikuyasikia. Nilikuwa nje nikicheza na ndege wangu wa mbao.

Kwa hiyo Jumatatu ile nilipoingia kanisani nikaona jeneza, nilielewa nilivyoelewa. Bahari imekauka, wamemleta. Bibi alikwenda na kumwita, na sasa amekuja, yuko chini ya kile kitambaa, amelala, na watu wanamwimbia kwa upole asishtuke. Kanisa lilikuwa limejaa. Walikuja majirani wote waliokuwa wakituazima moto kwa kusitasita. Gabrieli alikuwapo nyuma na wazee wake. Shangazi Polonia alikuwa amenyoa nywele. Bibi alikuwa mstari wa kwanza, ameshikilia benchi, na mabega yake yalikuwa yamesimama wima mno.

Padre alikuwa anasoma Kilatini. Mimi nilishuka kwenye benchi, nikatambaa, nikainua upindo wa kitambaa cheusi.

Ndani mlikuwa na giza na harufu ya mbao. Macho yangu yalipozoea niliona shati, limekunjwa vizuri, na juu yake kibuyu cha chumvi. Niliingiza mkono nikapapasa mpaka mwisho. Nikatoka nikasimama mbele ya watu wote, nikapiga kelele kwa furaha, kwa sababu nilidhani ameamka akatoka na kwamba hawajui:

"Bibi! Hayumo! Nguo zipo, yeye hayumo!"

Padre alinyamaza. Shangazi Polonia alifunika uso kwa mikono miwili. Aliniambia baadaye kwamba alihisi ndoa yake imekufa dakika ile, kwamba mama yake atainuka, atalichukua shati, atarudi nyumbani kusubiri. Yule mzee wa Dareda alikuwa ameinua shingo. Watu wote walimtazama Bibi.

Bibi alininyooshea mkono. Nilimwendea.

"Najua hayumo, mwanangu," alisema, na alisema kwa sauti, watu wote wasikie. "Yuko baharini. Fabiano amekufa baharini. Kaa hapa na mimi tumwombee."

Kisha akalia. Alikuwa amekaa na kilio kile miaka yote, na kilipotoka kilikuwa kikubwa, na wanawake wote wa Bonga wakakipokea. Mimi nililia pia, kwa hofu tu. Lakini tangu niwe mtu mzima, kila asubuhi ya Pasaka inaposomwa habari ya wale walioingia kaburini wakakuta nguo na wasimwone mwenyewe, mkono wangu unakumbuka kulipapasa lile shati. Nimefundisha watoto katekisimu miaka mingi. Jambo lile nimelifundisha kwa moyo wote, na nilijifunza hapo chini ya kitambaa, kwa kukosea.

Shati tulilizika karibu na zizi. Tulijitenga siku zetu zote kama inavyotakiwa, ng'ombe wetu wakanywa peke yao, na nakumbuka siku hizo kuwa za amani, kwa sababu kwa mara ya kwanza kila mtu alijua sisi ni nani. Siku zilipoisha tulifagia nyumba na uwanja. Jirani wa kwanza kuja kuomba moto alikuja kabla jua halijapanda, akakaa, akanywa chai, akasahau kuondoka na moto.

Wazee wa Gabrieli walirudi na ngoma. Siku ya harusi Bibi mwenyewe alisimama kwenye masufuria ya nyama. Watu walimletea chumvi ya dukani, nyeupe, laini, akaisukuma pembeni. Aliinua kibuyu cha Balangida akakikung'uta juu ya kila sufuria.

"Kaka naye ametoa chakula cha harusi ya dada yake," alisema. "Atakayeona nyama imezidi chumvi aende kumlalamikia yeye."

Watu walicheka. Mimi sikula. Nilikaa na sahani yangu nikiitazama nyama kwa wasiwasi, mpaka Gabrieli, amevaa koti la kuazima lililombana mabegani, akaja kuinama mbele yangu.

"Shikamoo, mama mkwe. Mbona huli?"

Nilimnong'oneza sikioni kwamba naogopa Baba Mdogo yumo.

Hakunicheka. Alichukua pande la nyama kwenye sahani yangu, akalila, akafikiri. "Kama yumo," alisema, "ni mtu mzuri sana." Basi nikala. Ilikuwa na chumvi nyingi kweli.

Ilikuwa saa kumi hivi, bibi harusi akiwa anatolewa mlangoni, upepo ulipobadilika. Ule ubaridi wenye harufu ya vumbi lililolowa ulitufikia kabla ya mvua yenyewe. Kisha matone makubwa yakapiga mabati ya jirani, moja, moja, halafu yote kwa pamoja. Wapiga ngoma walikimbilia chini ya paa. Wanawake walipiga vigelegele, na sasa hatukujua ni vya harusi au ni vya mvua. Nilikimbia ndani kumtafuta Bibi karibu na jiko, nimkalie mapajani kama kawaida.

Jiko lilikuwa peke yake. Kanga yake ilikuwa juu ya kigoda cha Baba Mdogo.

Nilimwona kupitia mlango wa nyuma. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja kichwa wazi, mikono imening'inia, uso umeinuliwa juu, na maji yalikuwa yakimtiririka kwenye nywele fupi zilizoanza kuota baada ya kunyolewa. Shangazi Polonia, amevaa nguo zake nyeupe za harusi, alitoa kichwa barazani akamwita:

"Mama! Ingia ndani, utaugua!"

Bibi hakusogea.

"Acha," alisema. "Acha ijae."